Nahimiza watu watunze mazingira ilhali napanda ndege: je, mimi ni mnafiki?

Swali: Kwa miaka kadhaa nimekuwa mstari wa mbele kazini kuwahimiza wenzangu wapunguze plastiki, wazime viyoyozi wanapotoka na wasitupe chakula. Hivi karibuni nilipanda ndege kwenda kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, nikaweka picha mtandaoni. Mdogo wangu akaandika chini yake, mbele ya watu wote: "Nyani haoni kundule." Tangu hapo nimekosa ujasiri wa kusema lolote. Ni kweli naendesha gari, nakula nyama, na nyumba ninayoishi haina hata paneli moja ya sola. Je, mtu kama mimi ana haki ya kuwahimiza wengine? Na hivi, jitihada zangu zina maana gani ikiwa wachafuzi wakubwa ni makampuni?

Jibu:

Ndugu yangu, usinyamaze. Nitaeleza kwa kirefu, na baadhi ya nitakayosema huenda yasikufurahishe, lakini hilo lishike kwanza, maana kunyamaza kwako kutaleta hasara kubwa kuliko safari ile ya ndege.

Kimantiki, mdogo wako hajaigusa hoja yako. Daktari mvutaji akikuambia sigara inaleta saratani ya mapafu, anasema kweli hata kama pakiti imo mfukoni mwake. Hewa ukaa huipasha dunia joto bila kujali nani ameitaja. Wengi wanaotuhumiwa kama wewe hujikinga kwa hoja hii na kuishia hapo, na mimi naona wanajidanganya. Binadamu hatupimi maneno peke yake. Tunamtazama na anayeyasema, tena kwa sababu ya msingi. Wengi wetu hatuna muda wala ujuzi wa kukagua takwimu za tabianchi. Tunachoweza kukagua ni kama huyu anayetuonya anaishi kama mtu anayeamini onyo lake.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2016 Shahzeen Attari na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo washiriki walisoma habari za mtafiti wa tabianchi anayewashauri watu wapunguze matumizi ya nishati. Baadhi walielezwa kwamba maisha ya mtafiti huyo yanachafua sana, wengine kwamba yanachafua kidogo. Yule mchafuzi hakuaminika sana kama mwenzake, na waliosoma habari zake hawakuwa na nia kubwa ya kubadilisha mwenendo wao.  Kwa hiyo ukiwaambia watu "sikilizeni ujumbe, msimtazame mjumbe", unawaomba jambo wasiloliweza. Ila timu hiyo ilirudi mwaka 2019 na matokeo yenye faraja kwako: mjumbe aliyekuwa akichafua sana, kisha akajirekebisha, alirejeshewa sehemu kubwa ya imani aliyokuwa ameipoteza. Watu hawakumtaka awe safi tangu kuzaliwa. Walitaka kuona anasogea.

Sasa tuingie kwenye unafiki wenyewe, kwa sababu nadhani wewe na mdogo wako mnalitumia neno hilo kwa mambo mawili tofauti.

Mwaka 2017 Jillian Jordan, Roseanna Sommers, Paul Bloom na David Rand walijiuliza kwa nini tunamchukia mnafiki kuliko mkosaji wa kawaida, ilhali kosa ni lilelile. Majaribio yao yalionyesha kwamba mtu anayelaani kosa hujipatia sifa hapohapo: wasikilizaji huchukulia kwamba yeye halifanyi. Wakigundua kwamba analifanya, wanajiona wametapeliwa, kwani wamempa heshima isiyo yake. Halafu wakaangalia hali ya mtu anayelaani kosa na papo hapo anakiri kwamba mara nyingine naye hulifanya. Huyo watu hawakumhukumu kwa ukali wanaomhukumu nao mnafiki, maana hakuchukua sifa yoyote ya bure.

Nimeutafakari utafiti huo mara nyingi, kwa sababu unahamisha mzigo wote. Kuishi chini ya kiwango unachokiamini ni hali ya kila mwenye kiwango. Asiyeamini chochote hawezi kupungukiwa, na ndiyo maana mtu anayechafua bila kujali hakuna anayemwita mnafiki. Anapita salama, huku anayejitahidi akihesabiwa kila kosa. Unafiki huanza pale unapojenga picha ya usafi usiokuwa nao, au unapodai kwa wengine kafara ambayo wewe umejisamehe. Kwa hiyo ukiitazama tena ile picha yako ya mkutanoni, usiishie kwenye ndege. Jiulize maelezo uliyoyaweka chini yake yalisema nini. Kama yalisema "tunakwenda kuokoa dunia", bila neno hata moja kuhusu namna ulivyofika, basi mdogo wako aliona kitu cha kweli, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Zipo tuhuma za unafiki ambazo hazitafuti urekebike; zinatafuta ukae kimya. Mwezi Agosti 2019 Greta Thunberg, kijana wa Sweden anayepigania tabianchi, alikataa kupanda ndege kwenda New York, akavuka Atlantiki kwa mashua ya tanga kutoka Plymouth, Uingereza, safari ya takriban wiki mbili. Wakosoaji wakahamia kwenye hoja kwamba baadhi ya mabaharia wangepanda ndege ili kuirudisha mashua. Angepanda ndege, angeitwa mnafiki. Hakupanda, akaitwa hivyo hivyo. Ukiona kiwango kinasogezwa kila unapokifikia, ujue unayejibizana naye hatafuti kiwango, na huna deni naye. Dalili ya kuwatofautisha ni rahisi: anayekujali anaweza kukutajia jambo moja ambalo ukilifanya ataridhika.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimwonee huruma mdogo wako kidogo. Mwaka 2012 Julia Minson na Benoît Monin waliwaomba watu wanaokula nyama waandike maneno yanayowajia akilini wakiwafikiria wasiokula nyama. Karibu nusu waliandika maneno mabaya. Na kadiri mtu alivyodhani kwamba wasiokula nyama wanamwona yeye kuwa mwovu, ndivyo alivyozidi kuwasema vibaya. Hukumu yenyewe hakuna aliyeitamka, ilitosha kuihofia. Huenda kwa muda mrefu mdogo wako amekuwa akisoma mawaidha yako na kujisikia anahukumiwa, akasubiri siku ya kulipiza. Hilo halimpi haki ya kukuaibisha hadharani, ila linakuonyesha mlango wa kuingilia utakapozungumza naye.

Swali lako la pili, la makampuni, lina historia ambayo kila anayejilaumu kwa ajili ya mazingira angefaa kuijua. Mwaka 1953 nchini Marekani kiliundwa chama cha Keep America Beautiful, na miongoni mwa waliokianzisha ni watengenezaji wa makopo na chupa. Mwaka 1971 chama hicho kilirusha tangazo la televisheni lililopata umaarufu mkubwa: mwanamume aliyevalishwa kama mwenyeji wa asili wa Marekani anadondosha chozi mbele ya takataka zilizotupwa barabarani, na sauti inasema kwamba watu ndio wanaoanza uchafuzi na watu ndio wanaoweza kuukomesha. Mwigizaji mwenyewe, Iron Eyes Cody, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Na wakati chozi lile likiwagusa watazamaji, kampuni za vinywaji na vifungashio zilikuwa zikipinga sheria ambazo zingezilazimu kupokea chupa tupu na kurudisha amana kwa mnunuzi. Aibu ilipelekwa kwa mtupaji, na mtengenezaji akaendelea kuzalisha.

Miongo mitatu baadaye kampuni ya mafuta ya BP ilieneza wazo la kila mtu kupima alama yake ya kaboni, yaani kiasi cha gesi joto kinachotokana na maisha yake, na mwaka 2004 ikaweka mtandaoni kikokotoo cha kufanyia hesabu hiyo. Wazo la kupima mzigo wa binadamu juu ya ardhi lilikuwa limetoka kwa wanazuoni, William Rees na Mathis Wackernagel, miaka ya 1990. Mikononi mwa kampuni ya mafuta liligeuka kuwa njia ya kumfanya mnunuzi wa petroli ajiulize maswali mengi kuliko muuzaji wake. Kwa hiyo ukihisi kwamba lawama yote imeelekezwa kwako peke yako, hujakosea.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukajificha huko. Bila shaka umewahi kusikia kwamba kampuni 100 ndizo zilizosababisha asilimia 71 ya gesi joto za viwandani tangu 1988. Takwimu hiyo ilitolewa mwaka 2017 na CDP, shirika linalokusanya taarifa za uchafuzi wa makampuni, na watu huitaja kana kwamba kampuni hizo hukaa peke yake zikichoma mafuta kwa kujifurahisha. Sehemu kubwa sana ya gesi hizo hutoka pale mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia vinapotumika: kwenye injini za magari, mitambo ya umeme, viwanda vinavyotengeneza tunavyonunua. Kampuni hizo zina hatia zake, hasa kuficha ukweli na kushawishi wabunge, lakini tangi linalojazwa ni letu. Ni moshi mmoja unaohesabiwa katika ncha zake mbili, na atakayekuambia uchague ncha moja tu ana sababu zake za kuiacha nyingine.

Mwaka 2020 ulitupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Sehemu kubwa ya dunia ilifungiwa ndani, ndege zikapaki, barabara zikabaki tupu. Utoaji wa hewa ukaa kwa mwaka huo mzima ulipungua kwa takriban asilimia 5. Ninapowaonyesha watu namba hii, wengine hukata tamaa. Mimi naisoma hivi: umeme, saruji, chuma na joto la majumbani viliendelea karibu kama kawaida, kwa sababu vimejengwa ndani ya mfumo, na kujinyima kwa mtu binafsi hakuvifikii. Vinafikiwa na sheria, uwekezaji na kura.

Na sheria huanzia wapi? Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizokuwa zikitumika kwenye makopo ya kupuliza marashi na dawa, zinaharibu tabaka la ozoni. Marekani haikuzipiga marufuku katika makopo hayo hadi 1978, na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuziondoa gesi hizo, ilitiwa saini 1987. Katika miaka ile ya kusubiri, wanunuzi wengi waliyaacha makopo ya kupuliza, na baadhi ya watengenezaji wakaanza kuondoa CFC kabla hawajalazimishwa. Ungewauliza wanunuzi wale mmoja mmoja kama kopo lao moja litaiokoa ozoni, wangekosa jibu. Lakini sheria ilipofika mezani tayari kulikuwa na watu waliokwishaonyesha kwamba maisha yanawezekana bila gesi ile, na hoja ya kwamba haiwezekani ikakosa pa kusimama.

Hapo ndipo ninapouona uwajibikaji binafsi, na ndipo maswali yako mawili yanapokutana. Tani unazozipunguza wewe ni chache. Uzito wa maneno yako ndio unaobadilika. Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika eneo hili ulichapishwa mwaka 2018 na Gordon Kraft-Todd na wenzake. Walifuatilia kampeni ya sola katika miji 58 ya jimbo la Connecticut, Marekani, ambako wakazi wa kujitolea waliwahamasisha majirani wafunge paneli. Wahamasishaji ambao nyumba zao wenyewe zilikuwa na paneli waliwapata watu zaidi kwa karibu asilimia 63 kuliko wahamasishaji ambao hawakufunga. Ujumbe na bidhaa vilikuwa vilevile. Jirani alitazama paa la anayemshauri, akaamua.

Basi nini cha kufanya? Kwanza uchague mambo makubwa, kwa sababu ukijichosha na madogo utabaki na uchovu na bado utaitwa mnafiki. Hesabu za Seth Wynes na Kimberly Nicholas za mwaka 2017, zilizohusu hasa watu wa nchi tajiri, zilionyesha kwamba kuishi bila gari huokoa takriban tani 2.4 za gesi joto kwa mwaka, kuacha safari moja ya ndege ya kwenda na kurudi kuvuka Atlantiki tani 1.6, na kula vyakula vya mimea pekee tani 0.8. Kurejeleza taka zote za nyumbani huokoa takriban robo ya hiyo ya chakula. Unaona basi kwamba kampeni yako ya plastiki, ambayo ni njema kwa bahari na mifereji, haigusi sana tabianchi, ilhali ile ya kutotupa chakula inagusa kweli. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 zilitoka majumbani. Endelea nayo, tena kwa nguvu zaidi.

Kuhusu ndege sitakubembeleza. Stefan Gössling na Andreas Humpe walikadiria kwamba mwaka 2018 ni takriban asilimia 11 tu ya watu duniani waliosafiri angani, na kwamba asilimia 1 ya watu ndiyo inayosababisha nusu ya uchafuzi wa ndege za abiria. Anayepanda ndege mara kwa mara, awe anaenda kwenye mkutano wa mazingira au kupumzika ufukweni, yumo katika kundi dogo sana la binadamu. Uwajibikaji hupimwa kwa nafasi uliyonayo. Asiye na usafiri wa umma hana sababu ya kuona haya kwa sababu ya gari lake. Aliyekwenda mkutanoni kukaa kwenye viti vya nyuma na kusikiliza hotuba ambazo angezisikia kwa video ana maswali ya kujibu. Wewe ndiye unayejua ulikwenda kufanya nini. Na tafadhali usitafute msamaha kwa kununua hati za kufidia kaboni, yaani kulipia miradi inayodai kupunguza gesi joto mahali pengine kwa niaba yako. Tathmini nyingi zimekuta kwamba miradi mingi ya aina hiyo haikupunguza kiasi kilichotangazwa.

Pili, badilisha unachodai. Maadamu unawaambia wenzako "zimeni, punguzeni, acheni", kila neno linakurudia. Dai kanuni itakayokubana wewe mwenyewe siku ileile itakapowabana wao. Peleka kwa uongozi pendekezo kwamba safari zote za kazi zipite kwenye swali moja kabla ya kuidhinishwa: je, mkutano huu unaweza kufanyika kwa video, au kwa basi na treni? Wewe unayesafiri ndiwe utakayepoteza zaidi kanuni hiyo ikipita, na kila mtu chumbani atajua. Hakuna tuhuma ya unafiki inayoweza kusimama mbele ya mtu anayeomba afungwe kwa kamba ileile.

Tatu, tanguliza ukweli wako kabla hujaulizwa. Unapozungumza, sema unachofanya, unachojaribu, na usichokiweza bado pamoja na sababu yake. Usifanye toba ndefu. Sentensi mbili zinatosha, kisha rudi kwenye hoja. Mdogo wako mjibu palepale alipoandika, kwa maneno kama haya: "Ni kweli, ndege ndiyo sehemu chafu kuliko zote katika maisha yangu. Nimeomba kazini tuwekewe utaratibu wa kuzipunguza, mimi nikiwa wa kwanza. Na wewe ukiona jambo jingine ninaloweza kulifanya, nitajie." Kisha mpigie simu faraghani, umwulize ni lini alianza kujisikia anahukumiwa na wewe. Msikilize bila kujitetea.

Hilo la kukumbushwa kwamba hutendi unachosema linauma, lakini lina kazi yake. Mapema miaka ya 1990 Elliot Aronson na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Cruz, waliwafuata wanafunzi waliokuwa wakitoka kuogelea wakati wa uhaba wa maji. Baadhi waliombwa wakumbuke namna wanavyofuja maji, kisha watie saini bango la kuwahimiza wengine wayatunze. Hao walioga kwa chini ya dakika 4 kwa wastani, ilhali ambao hawakuguswa kwa lolote walitumia dakika 5. Kutia saini bila kukumbushwa, au kukumbushwa bila kutia saini, hakukuleta mabadiliko makubwa kama hayo. Ilihitajika mtu ahimize na wakati huohuo ajione. Kwa maana hiyo kelele zako kazini na maumivu unayoyasikia sasa vinahitajiana, na ndiyo sababu nimekukataza kunyamaza.

Umetaja pia paneli za sola. Kama nyumba ni ya kupanga, hilo si deni lako, liondoe kwenye orodha. Kama ni yako na fedha haijatosha, anza na upande wa matumizi: ziba mianya inayopitisha joto na baridi, pandisha kiwango cha joto kwenye kiyoyozi kwa nyuzi moja au mbili, na kifaa kinachokula umeme mwingi kikiharibika nunua kinachotumia kidogo. Nyumba inayotumia umeme kidogo itahitaji paneli chache siku utakapoweza kuzinunua. Gari nalo lina ngazi zake: anza na safari fupi unazoweza kuzitembea, kisha za kwenda kazini mkichangia gari moja na wenzako, na ile ya wikiendi yenye watoto na mizigo iache kwa sasa.